Mchungaji Johannes Rebmann (1820–1876): Mtumishi Aliyejifunza Kupumzika Katika Bwana

Injili inaposomwa ibadani katika nchi ya Kibiti, au katika mtaa wa mbali kwenye delta ya Rufiji, husomwa kwa Kiswahili, lugha ya waumini na ya jirani zao Waislamu. Ni rahisi kusahau kwamba kabla ya jambo hilo kuwezekana, walikuwapo watu waliokaa miaka mingi wakiyakusanya maneno ya lugha za pwani moja baada ya jingine, pasipo kujua kama kuna mtu atakayeyasoma. Mmoja wao ni Mchungaji Johannes Rebmann. Huyu hakufanya kazi Rufiji. Maisha yake ya Afrika yalipita Mombasa, Rabai, Uchagani na Unguja. Hata hivyo historia yake inastahili nafasi katika kitabu cha miaka mia moja ya usharika wa pwani, kwa maana swali lililomkabili ndilo swali la kila usharika mdogo ulio katikati ya watu wengi wasio wa imani yake: mtumishi wa Mungu afanyeje anapojitahidi kwa nguvu zake zote, na matunda yasionekane?

KUZALIWA NA MALEZI

Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji mdogo wa Gerlingen, karibu na Stuttgart, katika ufalme wa Württemberg, ambao leo ni sehemu ya kusini ya Ujerumani. Watu wa Gerlingen waliishi kwa kulima mashamba na mizabibu, na Rebmann alikuwa mtoto wa nyumba ya namna hiyo. Kanisa la Württemberg lilikuwa la Kilutheri. Ndani yake walikuwamo waumini wengi wa uamsho, waliokusanyika majumbani kusoma Biblia, kuomba, na kutoa sadaka zao ndogo kwa ajili ya misioni katika nchi za mbali.

Kiini cha mafundisho aliyolelewa nayo ni kile alichokigundua Dkt. Martin Luther miaka mia tatu kabla yake. Luther alipokuwa mtawa kule Erfurt alifunga, alikesha na kuungama dhambi zake mara nyingi kuliko wenzake, akitafuta amani na Mungu kwa bidii yake mwenyewe, wala asiipate. Amani ilimjia alipotambua katika Waraka kwa Warumi kwamba haki ya Mungu ni zawadi, ambayo mwanadamu huipokea kwa imani tu. Tangu hapo Luther alifanya kazi nyingi mno, lakini hakuifanya tena ili kumridhisha Mungu. Aliifanya kama mtu aliyekwisha kukubaliwa. Fundisho hili kijana Rebmann alilipata tangu utoto. Uwanja wa kulijaribu ulikuwa Afrika.

Rebmann alisomea kazi ya misioni katika chuo cha Basel, Uswisi. Wakati huo chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza, CMS, kilikuwa na uhaba wa watumishi, nacho kiliwachukua vijana wengi wa Kilutheri kutoka Basel. Rebmann alipelekwa Islington, London, kumalizia masomo yake, akabarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1845. Mwaka uliofuata alisafiri kuja Afrika Mashariki.

MOMBASA NA RABAI

Rebmann alifika Mombasa tarehe 10 Juni 1846, akiwa na umri wa miaka 26. Aliyempokea ni Dkt. Johann Ludwig Krapf, naye Mlutheri wa Württemberg, aliyetangulia kufika mwaka 1844. Krapf alikwisha kulipa gharama kubwa. Katika mwezi wa Julai mwaka ule wa 1844 mkewe Rosine alifariki kwa homa, na binti yao mchanga akafariki pia. Makaburi yao yalikuwa ndiyo alama ya kwanza ya misioni katika pwani hii.

Mwezi wa Agosti 1846 wamisionari hao wawili walihamia Rabai, katika vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, kwa idhini ya wazee wa Warabai, mojawapo ya jamii za Mijikenda. Siku ya kuhama wote wawili walikuwa na homa, wakapokezana kupanda punda mmoja. Hivyo ndivyo kituo cha kwanza cha misioni katika nchi hizi kilivyoanza: kwa watu wawili wagonjwa, wasio na jeshi wala mali nyingi, waliotegemea ukarimu wa wenyeji.

Krapf alikuwa mtu wa maono makubwa. Alitamani kuona mlolongo wa vituo vya misioni kutoka Mombasa hadi pwani ya Magharibi ya Afrika. Kwa sababu hiyo alitaka bara lipelelezwe upesi, na kijana Rebmann akawa mpelelezi. Alianza mwaka 1847 kwa safari ya Kasigau katika nchi ya Wataita. Kisha akaelekeza uso wake Uchagani.

SAFARI TATU ZA UCHAGANI

Safari ya kwanza ilianza mwishoni mwa Aprili 1848. Kiongozi wa msafara alikuwa Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezijua njia za bara. Liwali wa Mombasa aliwaonya wasiukaribie mlima mkubwa, kwa kuwa ulisemekana kuwa na majini. Rebmann alikwenda na wachukuzi wachache, na mwavuli mkononi mahali pa silaha.

Asubuhi ya tarehe 11 Mei 1848 aliuona Mlima Kilimanjaro, na juu yake kitu cheupe kilichofanana na wingu. Alipomuuliza kiongozi wake, aliambiwa kwamba kile ni baridi tu. Rebmann, aliyezaliwa katika nchi ya theluji, alitambua mara moja alichokuwa akikitazama. Alifika Kilema kwa mangi Masaki, akapokewa, akarudi salama.

Habari za theluji karibu na Ikweta zilipochapishwa Ulaya mwaka 1849, wako wataalamu waliozikataa. Mkuu wao alikuwa William Desborough Cooley wa London, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki. Ilibidi kungoja hadi Baron Karl Klaus von der Decken alipopanda sehemu ya mlima huo mwaka 1861 na tena mwaka 1862 ndipo ushahidi wa Rebmann ukathibitishwa. Kwa zaidi ya miaka kumi jina lake lilihusishwa na hadithi ya kubuniwa. Naye hakurudi mlimani kutafuta uthibitisho wa kujitetea.

Safari ya pili, kuanzia Novemba 1848 hadi Februari 1849, ilimfikisha Machame kwa mangi Mamkinga, aliyempokea vizuri. Rebmann alitiwa moyo sana. Mwezi wa Aprili 1849 alianza safari ya tatu, iliyokuwa kubwa kuliko zote. Alikuwa na wachukuzi wengi na bidhaa nyingi, akikusudia kupita Machame na kuendelea hadi Unyamwezi, katikati ya bara, mahali ambapo mmisionari alikuwa hajafika.

MACHOZI YA MACHAME

Safari ile ya tatu haikufika Unyamwezi. Ilikuwa majira ya masika. Mvua ilinyesha, njia ziliharibika, na Rebmann aliugua. Alipofika Machame, Mamkinga hakuwa mwenyeji yule wa kwanza. Siku baada ya siku alidai zawadi, na bidhaa zilizokusudiwa kulipia njia ya kwenda Unyamwezi zikaisha kidogo kidogo mikononi mwake. Hatimaye Rebmann alikaa katika kibanda chake akiwa mgonjwa, mikono mitupu, hawezi kwenda mbele, na njia ya kurudi ikiwa ndefu.

Akalia. Wenyeji walipomwona waliuliza kama analilia mali yake. Akawajibu kwamba halilii mali. Vitu vile vilitolewa na waumini wa kwao waliotaka watu wa Afrika wapate Neno la uzima, na sasa vimekwisha bila kufanya kazi iliyokusudiwa. Baada ya hayo akageuka, akarudi Rabai mwezi wa Juni akiwa amedhoofika.

Aliyewahi kupanda mpunga katika bonde la Rufiji na kuyaona mafuriko yakiuchukua wote ataelewa machozi ya Machame. Kinacholiliwa ni zaidi ya mbegu. Yanaliliwa matumaini ya wote waliochangia mbegu hiyo. Kwa mtumishi wa Mungu jaribu hapo huwa kali zaidi, maana hujiuliza kama Mungu mwenyewe ameikataa kazi yake.

Rebmann hakwenda tena Uchagani maisha yake yote. Alikuwa na umri wa miaka 29, nguvu zikiwa bado zipo, na jina lake likianza kujulikana Ulaya. Mtu mwingine angekusanya bidhaa nyingi zaidi na kujaribu tena kwa nguvu zaidi. Yeye alikaa Rabai.

MIAKA YA KUKAA

Katika miaka iliyofuata wenzake waliondoka mmoja mmoja. Johannes Wagner, aliyefika mwaka 1849 pamoja na Johann Jakob Erhardt, alifariki kwa homa katika mwaka ule ule. Krapf, ambaye afya yake ilikuwa imevunjika, aliondoka mwaka 1853. Erhardt aliondoka mwaka 1855. Baina ya Krapf na wenzake kulikuwa na mawazo tofauti. Krapf alitaka vituo viongezwe haraka, na Rebmann aliona kwamba ni afadhali kukaa mahali pamoja, kujifunza lugha sawasawa, na kuwalea watu wachache hadi imani yao ipate mizizi.

Mwaka 1851 Rebmann alifunga ndoa huko Misri na Emma Tyler, mjane Mwingereza aliyekuwa katika kazi ya misioni. Emma alikuja Rabai akawa mwenzake katika kazi. Mungu aliwapa mtoto, lakini mtoto huyo hakuishi. Mwaka 1866 Emma naye alifariki, na Rebmann akabaki peke yake.

Katika miaka hiyo dunia ya wasomi ilikuja kubisha hodi mlangoni pake. Yeye na Erhardt walikuwa wamekusanya habari kutoka kwa wafanyabiashara wa pwani juu ya maziwa makuu ya bara, na ramani iliyochorwa na Erhardt, iliyoonyesha ziwa moja kubwa mno, ilizua mjadala Ulaya. Ramani hiyo ilikuwa na makosa, lakini ilichangia kumleta Richard Burton na John Speke. Mwezi wa Januari 1857 Burton alifika Kisulutini, kituo cha Rebmann karibu na Rabai. Ilitumainiwa kwamba Rebmann angefuatana naye kwenda bara, kwa kuwa alizijua lugha na njia kuliko Mzungu mwingine. Rebmann hakwenda. Burton na Speke waliliona Ziwa Tanganyika mwaka 1858, na majina yao yakaandikwa katika vitabu vya shule. Rebmann alibaki na kamusi zake.

Mwaka ule wa 1857 Wamaasai walivamia sehemu zile, ikamlazimu kuondoka Kisulutini na kukaa Unguja kwa muda. Kulipotulia alirudi kuanza upya.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa ya utulivu. Alifundisha, alitafsiri, aliandika. Alikusanya maneno ya Kiswahili, na maneno ya lugha ya Warabai na jirani zao. Pia alijifunza lugha ya watu wa Ziwa Nyasa kutoka kwa Salimini, mtu aliyetekwa katika nchi hizo na kuletwa pwani kama mtumwa. Katika siku ambazo mtu kama Salimini alikuwa na bei sokoni, Rebmann aliketi mbele yake kama mwanafunzi mbele ya mwalimu wake. Kutokana na vikao hivyo ilipatikana kamusi ya Kinyasa. Vilevile alitafsiri Injili ya Luka kwa Kiswahili.

Waumini walikuwa wachache mno. Wa kwanza alikuwa Mringe, mtu mlemavu ambaye jamii yake haikumhesabu kuwa kitu, aliyebatizwa akiwa karibu na kufa yapata mwaka 1851. Baada yake alikuja Abe Gunja, pamoja na mwanawe Nyondo, aliyepewa jina la Isaac. Naye Abe Ngoa, aliyejifunza kwa Rebmann, aliipeleka imani kwa Wagiriama, na jumuiya ndogo ya waumini ikamea huko Godoma. Baada ya miaka zaidi ya ishirini Wakristo wa Rabai waliweza kuhesabika kwa urahisi.

PUMZIKO NA UVIVU

Wako waliomlaumu. Baadhi ya wageni waliofika Rabai, na baadhi ya viongozi wa misioni, walimwona kama mtu aliyejitenga na dunia, aliyezama katika kamusi huku kanisa likibaki dogo. Lawama hiyo haifai kupuuzwa. Pumziko la Kikristo laweza kuigizwa na uvivu, na mtu aweza kuuita uchovu wake jina la imani. Ni vizuri kila mtumishi ajipime hapo.

Lakini mtu mvivu haandiki kamusi za lugha tatu. Mtu aliyekata tamaa hakai miaka 29 bila kurudi Ulaya hata mara moja, huku homa ikimrudia na wapendwa wake wakifa, wala harudi Kisulutini baada ya kukimbia vita. Kilichokwisha kwa Rebmann si kazi. Kilichokwisha ni ile haja ya kuithibitisha kazi kwa urefu wa safari au kwa wingi wa hesabu. Kabla ya Machame alikuwa akikimbia kufungua bara zima. Baada ya Machame alifanya lililokuwa mkononi mwake, akaliacha lililobaki mikononi mwa Bwana wa mavuno.

Katika Injili aliyoitafsiri zimo habari za wavuvi waliofanya kazi usiku kucha wasipate kitu, wakatupa nyavu tena kwa neno la Yesu. Zimo habari za Martha aliyehangaika na mengi, na Mariamu aliyeketi miguuni pa Bwana. Zimo pia habari za mzee Simeoni, aliyeingoja faraja ya Israeli. Mfasiri hawezi kuvuka haraka sura kama hizo. Hulazimika kupima kila neno, na kuuliza watu wa lugha ile husemaje mtu anapochoka, anapongoja, anapopumzika. Rebmann alikaa na maneno hayo miaka mingi.

UPOFU NA SAFARI YA MWISHO

Macho yake yalianza kufifia. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, alipita pwani hii kushughulikia biashara ya watumwa, akafika kwa Rebmann. Alimkuta mzee wa kabla ya wakati wake, karibu kipofu, akiwa na kundi dogo la waumini na makaratasi mengi. Mwaka huo huo, mwezi wa Juni, Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa bahari. Biashara hiyo ovu haikufa mara moja. Misafara kutoka Kilwa ilihamia nchi kavu, ikapita katika nchi ya Rufiji kuelekea kaskazini. Kwa hiyo ardhi ya Rufiji iliwaona ndugu za Salimini wakipita wamefungwa minyororo.

CMS iliamua kuimarisha kazi yake. Mchungaji William Salter Price alifika mwaka 1874 na kuanzisha makao ya watumwa waliokombolewa, Freretown, karibu na Mombasa. Zamu ya Rebmann ilikuwa imekwisha. Mwaka 1875, akiwa na miaka 55, aliondoka. Hakuweza kusafiri peke yake. Isaac Nyondo alimshika mkono, akamwongoza hadi melini, hadi Uingereza, hadi Ujerumani. Yeye aliyekuja Afrika kuwaongoza watu sasa aliongozwa na mtu wa Rabai, mmoja wa matunda machache ya kazi yake. Hakuna picha iliyo bora kuliko hiyo ya maana ya kuacha kujitegemea.

Madaktari wa Ulaya hawakuweza kumrudishia kuona. Krapf, rafiki yake wa zamani, alimwalika kukaa karibu naye katika mji wa Korntal, na huko Rebmann akaoa tena, mjane wa mmisionari mmoja, aliyemtunza. Wazee hao wawili waliotofautiana zamani juu ya njia ya kazi waliishi jirani kwa amani. Tarehe 4 Oktoba 1876 Johannes Rebmann alifariki dunia, akazikwa Korntal. Alikuwa na umri wa miaka 56.

MATUNDA ASIYOYAONA

Mwaka ule ule wa kifo chake Injili ya Luka kwa Kiswahili ilichapishwa huko St. Chrischona, karibu na Basel. Kamusi ya Kinyasa, iliyoandaliwa na Krapf kwa uchapishaji, ilitoka mwaka 1877. Maneno ya Kiswahili aliyoyakusanya yaliingia katika kazi ya Krapf, ambaye kamusi yake kubwa ilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Vitabu hivyo viliwasaidia waliokuja baadaye kujifunza lugha na kutafsiri Maandiko.

Rabai iliyodharauliwa kwa udogo wake ikawa kimbilio la watumwa waliotoroka mabwana zao. Tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamekimbilia huko na katika vituo vya jirani walipewa hati za uhuru, baada ya mabwana zao kulipwa fidia. Mahali ambapo mtu mmoja alikaa kimya miaka mingi, watu wengi waliolemewa walipata kupumzika.

Kule Machame, wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig waliingia mwaka 1893, miaka 44 baada ya Rebmann kulia kibandani. Kutokana na kazi yao na ya wainjilisti Wachaga lilikua kanisa ambalo leo ni miongoni mwa nguzo za KKKT. Katika pwani yetu hii, Johann Jakob Greiner alianza kazi Dar es Salaam mwaka 1887, kisha vituo vya Kisarawe na Maneromango vikafuata katika miaka ya 1890, na mwaka 1903 Misioni ya Berlin ikaipokea kazi ya Uzaramo. Rebmann hakuyaona hayo hata moja. Hakuyajua wala kuyapanga.

FUNDISHO KWA WALIO KIBITI NA RUFIJI

Usharika ulio katika nchi kama Kibiti hauwezi kujilinganisha na sharika za Kilimanjaro au za jijini. Waumini ni wachache. Wengi wao ni watumishi wa serikali, walimu, wauguzi na wafanyabiashara, ambao huhamishwa au huhama, na kwaya iliyojaa mwaka huu hupungua mwaka ujao. Mitaa ya delta hufikiwa kwa mashua na kwa kungoja maji yajae. Mafuriko huja, kama yalivyokuja kwa ukali mwezi wa Aprili 2024, yakachukua mashamba na nyumba za Waislamu na Wakristo bila kubagua. Takwimu za mwaka zinapoandikwa kwa ajili ya dayosisi, mwinjilisti huona aibu juu ya hesabu zake, na mzee wa kanisa huhangaika juu ya ahadi na michango isiyotimia.

Maisha ya Mchungaji Rebmann hayasemi kwamba takwimu zisiandikwe wala michango isitolewe. Yanasema kwamba thamani ya mtumishi mbele za Mungu haikai katika daftari hilo. Ilikwisha kuamuliwa msalabani, kabla ya mwinjilisti kuanza kazi. Aliyekubaliwa hivyo aweza kufanya kazi yake asubuhi na kulala usiku. Aweza kuishi na jirani wa imani nyingine kwa upole, akijifunza kwake kama Rebmann alivyojifunza kwa Salimini, bila kumgeuza kuwa namba ya kuongezea hesabu. Aweza pia kuiacha zamu yake ikiisha, akamwachia mwingine, akakubali kushikwa mkono na wale aliowafundisha.

Wakulima wa Rufiji wanalijua jambo hili kwa njia yao. Mto unapofurika, mkulima haushindi kwa jembe. Hungoja. Maji yakipungua huacha udongo mweusi wenye rutuba, naye hushuka kupanda mlau katika unyevu ule ambao hakuuleta yeye. Bado hulima, hupalilia, hukesha katika dungu kulinda mimea yake dhidi ya ngedere na nguruwe. Lakini anajua kwamba rutuba aliipewa.

Waliotangulia katika usharika huu walipanda kwa namna hiyo, na wengi wao wamelala bila kuona miaka mia moja ikitimia. Kazi yao haikupotea kwa kuwa ndogo. Bwana aliyemtunza mtumishi wake kipofu wa Rabai anawatunza nao, na anawaita walio hai waingie katika kazi ile ile na katika pumziko lile lile. Sifa na utukufu ni wake, sasa na hata milele. Amina.